Bunduki ya leva na vichwa vya kujiyeyushia: nawajibu wana Mwanza kwa mpigo

Mwangaluka wana Mwanza! Leo siko kwenye theluji, niko nyumbani kabisa, hapa Capri Point, kile mnachokiona nyuma yangu ni kisiwa cha Saanane, upepo wa ziwa ukiingia kwenye maiki mtanivumilia. Tangu nishuke toka Montana swali ni moja tu, kuanzia mjomba hadi vijana wa bodaboda pale Mwaloni: we umeenda Marekani, bunduki zimejaa madukani, halafu kwenye video unawinda na gobore na risasi za kuyeyusha mwenyewe, maisha yamekubana au?

Kwanza lile sio gobore jamani. Gobore unashindilia baruti mdomoni mwa mtutu. Hii ni bunduki ya leva, ile ya makauboi kwenye muvi, unashusha mkono wa chini ya triga ganda linaruka, unaurudisha risasi nyingine inapanda chemba. Yangu ni ya kampuni ya Marlin, inapiga saizi ya .45-70, risasi iliyoingia jeshi la Marekani 1873, yule mpelelezi Stanley alikuwa hata hajalizunguka ziwa hili.

Sasa vichwa, yaani kile kipande cha mbele cha risasi kinachoruka kwenda kwa mnyama. Watu wanadhani nabana hela, na ni kweli ni nafuu, ila sababu yenyewe ni hii: kichwa changu kina gramu 26, kizito, mbele kiko bapa, na kinatembea kama mita 400 na kitu kwa sekunde wakati bunduki za kisasa nyingi zinafika 800, 900. Ubapa ule ndio unaofanya kazi, unapasua njia pana na uzito unakisukuma mpaka kinatokea upande wa pili hata kwa elki, yule kulungu mkubwa wa kule, na elki dume anafika kilo 300 na zaidi msimchukulie kama swala wa hapo Saanane. Halafu bapa ni usalama pia, kwenye hizi leva nyingi risasi zinajipanga kwenye bomba chini ya mtutu, ncha ya moja inagusa kitako cha mwenzake, ukiweka ncha kali ya chuma bunduki ikapiga teke, ile ncha inaweza kugonga fataki (kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti) ya iliyo mbele ikalipukia humo humo, mkono wako ukiwa hapo hapo.

Kuyeyusha nafanyia gereji mlango wazi, glavu, miwani, hakuna chai wala chapati karibu kwa sababu madini ya risasi ni sumu. Nachukua vile vyuma vya wili balansi vya zamani, vinavyobandikwa kwenye rimu za gari, ni vya madini ya risasi na vina madini ya antimoni kidogo yanayokaza, naongeza bati ili itiririke vizuri kwenye kalibu. Siku hizi vingine ni vya zinki, na zinki ikichanganyika inaharibu chungu kizima, ila yenyewe inayeyuka nyuzi 419, madini ya risasi yenyewe 327, kwa hiyo ukiushika moto hapo katikati zinki inaelea juu unaiengua na upawa. Natupia kipande cha nta ya nyuki (ningepata ya Sikonge ningefurahi zaidi), moshi unafuka, uchafu unapanda, chini inabaki inang'aa hasa. Vichwa vya mwanzo vinatoka na makunyanzi sababu kalibu bado ya baridi, vinarudi chunguni. Ila maji, aisee, tone moja tu likizama mle linageuka mvuke ghafla na chungu kinakurushia uji wa moto usoni.

Gharama yake ni moja, lazima usogee. Mimi sipigi kitu kilicho mbali kuliko goli hadi goli pale CCM Kirumba, kwa hiyo siku nyingi narudi mikono mitupu huku jirani na bunduki yake ya darubini kashajaza friza. Na mimi naipendea hapo hapo, kupimana na upepo na kutambaa, hebu waulizeni wazee waliowinda kwa upinde watawaambia.

Haya, kuna dogo kaniuliza kalibu anapata wapi, dogo acha. Kule nina leseni, nina tagi, yaani kibali cha mnyama mmoja, navaa kizibao cha chungwa, na aliyezaliwa baada ya 1 Januari 1985 hapewi leseni mpaka asome kozi ya uwindaji. California wao wamepiga marufuku kabisa kuwinda na vichwa vya madini ya risasi tangu 2019, vinaua ndege wanaokula mizoga. Hapa Bongo kuna sheria ya silaha ya 2015 na ya wanyamapori ya 2009, ukiyeyusha chumbani Igoma video yako inayofuata utairekodia gerezani Butimba.

La mwisho la mjomba, eti hata nyati anaanguka kwa leva yangu? Mjomba, Roosevelt, rais mstaafu wa Marekani, alivuka ziwa hili hili Desemba 1909, Kisumu mpaka Entebbe, akiwa na leva yake Winchester modeli ya 1895 inayopiga saizi ya .405, aliipenda sana kwa simba, lakini kwa wale wazito kama tembo alibeba bunduki ya Holland ya mitutu miwili. Mimi na Marlin yangu tutabaki na elki, nyati nitamwangalia kwa gari kule Serengeti, vioo juu.