Aliyewauliza kunguru mbona wanapayuka

Jamani, hamjambo huko nyumbani? Msicheke hili koti, nje kuna theluji hadi magotini. Msikilizeni huyo... mmemsikia? Kunguru. Si yule wetu wa Dar mwenye shingo ya kijivu anayetuibia samaki pale Feri. Huyu ni mweusi tii hadi mdomo, akiruka utadhani mwewe.

Chuo kikuu cha hapa Vermont, Marekani, alifundisha profesa mmoja, Bernd Heinrich. Mwaka 1984, jimbo la Maine, alikuta kunguru wamekusanyika kwenye mzoga wanapiga kelele. Akajiuliza swali ambalo hata bibi yangu angeuliza: umepata nyama na baridi hii, unapayuka ili iweje? Si ule kimya kimya!

Basi misimu minne ya baridi mtu mzima na uprofesa wake anaburuta mizoga msituni, anajificha kibandani kabla hakujapambazuka, anawatia kunguru alama mbawani awatambue. Na hawashuki upesi! Wanarukaruka kando ya nyama kana kwamba itawauma. Wahenga walishasema, kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake.

Jibu lake nalipenda. Wanaopayuka ni vijana wasio na eneo lao. Mume na mke wenye eneo humtimua kijana aliye peke yake. Wakija kundi, wenye mali hawafui dafu. Yaani umezuiwa mlangoni kwenye harusi, unarudi na mtaa mzima. Ukarimu uko wapi hapo?

Sasa mdogo wangu unayesoma wanyamapori Morogoro, unayelalamika kwamba tafiti hazisomwi na mtu. Huyu aliandika kwenye majarida ya wataalamu, halafu 1989 akatutolea kitabu sisi wengine. Jaridani unaletewa samaki ameshaparwa magamba. Kitabuni umekaa naye kibandani, mguu umekufa ganzi, anakisia, anakosea, anaanza upya. Makosa yake hakuyafuta, na ndiyo yaliyonifanya nisiweke kitabu chini.

Na huko kwetu alifika! Mapema miaka ya 1960, kijana, akiandamana na wazazi wake Tanganyika kukusanya ndege kwa ajili ya makumbusho ya Yale.

Wachaga, yule kunguru wa mlimani mwenye baka jeupe kisogoni, anayewadoea wapanda mlima, ni wa ukoo mmoja na huyu mweusi wa hapa. Kwa Kichaga mnamwitaje? Niandikieni hapo chini. Mimi vidole vimeganda, naingia ndani.