Ukificha Jina, Umeacha Mtaa

MAKAME: Asalaam aleikum wasikilizaji, na karibuni. Nipo na Bi Rahma, kama kawaida.

BI RAHMA: Waaleikum salaam. Haya Makame, lete suala.

MAKAME: Suala ni hili. Mtu katoka Unguja au Pemba, anapenda watu wa jinsia yake, kaishi miaka London, Muscat au Toronto, na sasa anataka kuacha simulizi ya maisha yake. Au keshafariki, na mwanawe au mpwa wake kakuta kaseti kabatini. Afanyeje ihifadhiwe bila kumpeleka mtu polisi wala kumvunjia dada yake ndoa?

BI RAHMA: Tuanze na sheria, maana ndiyo inayotutia adabu. Kwetu hapa Sheria ya Adhabu inaadhibu, na marekebisho ya 2004 yaliwataja wanawake pia. Oman nako ni kosa. Hilo kila mtu analijua. Linalosahaulika ni upande wa pili wa safari. Aliyefika Uingereza mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, alikuta huko nako ni jinai. Mpaka 1967 ndipo England na Wales zilipoacha kuwashitaki wanaume wawili wa miaka 21 na kuendelea, tena faraghani tu. Marekani mpaka 1990 sheria ya uhamiaji ilikuwa inaweza kumrudisha mtu mlangoni kwa sababu hiyo.

MAKAME: Kwa hivyo mtoto aliyezaliwa huko akiuliza, "Baba si alikuwa Ulaya, kwa nini alinyamaza?"

BI RAHMA: Aambiwe alinyamaza kwa sababu zilizokuwepo pande zote mbili za bahari. Anayehoji asipozijua hizo tarehe atamuuliza mzee kwa lawama bila kujua, na mzee atafunga mdomo.

MAKAME: Sasa najua wapo wanaongoja tumtaje Freddie Mercury, yule mwimbaji wa kundi la Queen.

BI RAHMA: Nilijua utamleta tu. Haya. Farrokh Bulsara, kazaliwa hapa tarehe 5 Septemba 1946, wazee wake Waparsi wa Gujarati, akapelekwa skuli ya bweni Panchgani, India, na 1964 familia ikahamia Feltham, karibu na London. Yeye mwenyewe kwa kinywa chake hakusema mengi juu ya Unguja. Ndiyo maana leo watalii wanaoneshwa nyumba zaidi ya moja Mji Mkongwe, kila moja ati ndiyo kwao. Mwaka 2006, sherehe ya miaka 60 tangu kuzaliwa kwake ilipopangwa ufukweni, Uamsho, jumuiya ya Kiislamu ya hapa, wakapinga ikavunjika. Na 2019 makumbusho yake yakafunguliwa Shangani. Kila mtu anamsemea. Lakini yule ni mtu maarufu, habari zake haziharibiki. Mimi nawataka wale ambao wasiposema wenyewe hakuna atakayejua walipita.

MAKAME: Basi twende kwenye kazi yenyewe. Kosa kubwa kuliko yote: mtu anafuta jina, anaona kamaliza.

BI RAHMA: Hapo ndipo panapoteketeza watu. Nikupe maneno ya kubuni: "Nimezaliwa Wete, baba alikuwa fundi saa, mimi ni wa tatu, walionifuata ni mapacha, tukaondoka kwa jahazi mwaka 1972." Jina lipo hapo?

MAKAME: Halipo.

BI RAHMA: Yasome hayo barazani Wete. Kahawa haijapoa, washamtaja yeye na bibi yake. Mwandishi wa London hawezi kuliona hilo, kwa sababu London fundi saa wako wengi. Kwa hivyo tunahesabu alama: mtaa, kazi ya mzazi, skuli na mwaka, nafasi yake kwa ndugu zake, chombo alichosafiria, maradhi ya kwao. Kwa Pemba, alama tatu zikikaa pamoja, mtu keshajulikana. Mjini Unguja labda nne.

MAKAME: Na dawa yake?

BI RAHMA: Punguza, usibadilishe. Wete iwe "mji mmoja wa Pemba". 1972 iwe "mwanzoni mwa miaka ya 70". Fundi saa awe "fundi". Mapacha ondoa kabisa. Lakini usiseme fundi saa wa Wete ni muoka mikate wa Mkoani! Wanaokuja na mbinu za vitabu vya ughaibuni hupenda hiyo, kubadilisha jambo la kweli kwa la uongo. Katika mji wa watu milioni nane sawa. Kwetu, hilo la uongo litamwangukia mtu wa kweli. Muoka mikate wa Mkoani yupo, ana watoto, na mmoja wao yuko Dubai. Umemtoa huyu ukamtia yule asiyehusika.

MAKAME: Na kazi hiyo ifanywe na nani?

BI RAHMA: Msimuliaji mwenyewe, na mtu mmoja wa kwao anayemwamini. Mgeni hazioni alama hata akisoma mara kumi.

MAKAME: Tuje kwenye sauti, maana watu wanadhani maandishi ndiyo hatari, sauti hapana. Kwanza mazingira. Ukirekodi karibu na dirisha, adhana inaingia. Watu wa mtaa wanaijua sauti ya muadhini wao. Umeshataja msikiti, na wakati wa sala umetaja saa. Honi ya boti bandarini vivyo hivyo. Funga madirisha, zima feni, weka mto au blanketi ukutani, na upange kuanza mara tu baada ya sala ili upate nafasi ndefu. Pili, simu. Kuna programu za kurekodi kwenye simu ambazo zenyewe zinaipa faili jina la barabara uliyopo. Zima ruhusa ya mahali kabla hujabonyeza. Zima na ile ya kupandisha mafaili yenyewe mtandaoni.

BI RAHMA: Na picha?

MAKAME: Picha ya simu inabeba ndani yake tarehe, aina ya simu, na pengine latitudo na longitudo. Ukiituma WhatsApp kama picha ya kawaida, taarifa hizo huondolewa. Ukiituma kama hati, zinabaki. Watu hutuma kama hati ili isipungue ubora, na ndipo zinapopita.

BI RAHMA: Mitambo mingine sema haraka, hapo hamna ugumu.

MAKAME: Rekodi kwa WAV, biti 24, kilohezi 48. Saa moja ya chaneli mbili inakula kama gigabaiti moja. Maikrofoni iwe shubiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo, isipokee pumzi. Betri za akiba, kwa sababu umeme ukikatika ndio mzungumzaji kaanza kufunguka. Basi.

BI RAHMA: Na kuibadilisha sauti iwe nzito au nyembamba?

MAKAME: Usiitegemee. Kupandisha au kushusha sauti kwa kawaida kunaweza kurudishwa na mtu mwenye kompyuta. Tena mwendo wa maneno unabaki, kicheko kinabaki, na lafudhi ya Kojani inabaki. Kama sauti itatoka hadharani, mpe mtu mwingine aisome upya maandishi yaliyokwisha kupunguzwa. Ile ya asili ibaki kufungiwa. Na maandishi yenyewe, saa moja ya maongezi si chini ya saa nne za kuandika, mara nyingi sita. Usipandishe sauti kwenye mtandao wa watu ili ikuandikie. Ziko programu zinazofanya kazi ndani ya kompyuta yako bila intaneti. Kwa Kiswahili chetu zinakosea sana, Kipemba ndiyo usiseme, lakini angalau faili halijatoka chumbani.

BI RAHMA: Ridhaa sasa. Karatasi yenye sahihi ni hatari kwa mtu anayeishi na familia. Itakutwa kwenye mkoba. Ridhaa ichukuliwe kwa sauti, kwa jina la kupanga, mwanzoni mwa rekodi: anakubali nini, nani asikie, lini. Kisha mara ya pili, baada ya kusikiliza au kusomewa yote. Mpe wiki mbili. Siku ya kwanza mtu husema kwa shauku, ya tatu huanza kukumbuka shangazi yake. Akisema ondoa dakika ya 12 mpaka ya 19, ondoa, usimuulize kwa nini.

MAKAME: Kuna kundi ambalo wewe husema wasirekodiwe kabisa.

BI RAHMA: Wasirekodiwe kwa sasa. Aliyeomba hifadhi ya ukimbizi na kesi haijaisha. Sema amekimbia baada ya Oktoba 2018, ule wakati wa tamko la mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam la kuwasaka wapenzi wa jinsia moja. Kesi ya namna hiyo inasimama juu ya maelezo yake mwenyewe. Alichomwambia afisa kinalinganishwa na kila alichokisema pengine. Kwenye rekodi yako akisema Machi na kwa afisa alisema Mei, si kwamba anadanganya, watu ndivyo wanavyokumbuka, lakini keshajipunguzia kuaminika. Ngoja hukumu itoke na muda wa rufaa upite.

MAKAME: Na baada ya hapo?

BI RAHMA: Baada ya hapo usimhoji kwa mtindo wa afisa. Usianze na "lini ulijijua?" Hilo keshaulizwa na kila mtu, na jibu lake limeshakuwa la kukariri. Anza na chakula, nyumba, kazi ya kwanza, nani alimpokea. Na uzijue kesi zilizombeba. Uingereza zamani walikuwa wakimwambia mtu arudi kwao ajifiche, mpaka Mahakama ya Juu ilipokataa Julai 2010, kwenye kesi ya watu wawili, mmoja wa Iran na mmoja wa Kameruni. Na Desemba 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikakataza kupokea video na picha za faragha ziwe ushahidi. Aliyepita kabla ya hapo anaweza kuwa alidhalilishwa kwa njia usizozifikiria. Asipotaka kuzisema, mwache.

MAKAME: Kaseti, Bi Rahma. Watoto ndizo wanazorithi.

BI RAHMA: Barua za kaseti, ndiyo, zile mtu alizorekodi kwa sauti badala ya kuandika. Zieleze wewe, mikono yako ndiyo inayozishika.

MAKAME: Kabla hujaicheza, iangalie kwenye mwanga. Ukiona unga mweupe kwenye kingo za utepe, huo ni ukungu, na hewa yetu ya pwani inaupenda. Usiitie kwenye mashine, utachafua kichwa cha mashine kinachosoma utepe na kuambukiza kaseti itakayofuata. Iweke kwenye mkebe unaofunga, na vifuko vya silika jeli, mpaka ukungu ukauke, kisha mpe anayejua kuusafisha. Kama ni safi, vunja vile vipande viwili vya plastiki mgongoni ili isirekodiwe juu kwa bahati mbaya. Angalia kipedi kidogo cha sufi kwenye kibati katikati. Mara nyingi gundi imekufa kimeanguka, na hapo sauti inafifia na kurudi. Safisha kichwa cha mashine kwa pombe ya isopropili. Sauti ikiwa imeziba kama mtu anasema ndani ya mtungi, kuna skrubu ndogo kando ya kichwa, izungushe kidogo kidogo mpaka herufi "s" isikike kali. Kaseti ya dakika 120 ishike kwa adabu, utepe wake mwembamba, hukatika.

BI RAHMA: Tuseme imesikika. Baba anazungumza na mwanamume, na maneno ni ya mapenzi. Mtoto yuko Leicester, anataka kuitoa. Sheria ya data ya Uingereza inawalinda walio hai tu, marehemu haimhusu. Kwa hiyo kwa upande wa baba, kisheria kule pengine hana kizuizi. Lakini huku marehemu ana dada, ana wapwa wa kike wanaongoja posa, na huyo wa upande wa pili wa kaseti huenda bado anasali msikiti uleule. Ridhaa yake yeye nani kaichukua?

MAKAME: Kwa hivyo afungie tu?

BI RAHMA: Aihifadhi, asiitoe. Anachoweza kukisimulia leo ni cha kwake: kukua kwenye nyumba iliyokuwa na "ami" asiyekuwa ndugu, maswali aliyokatazwa, siku ya mazishi huyo ami alisimama wapi. Hayo ni maisha yake, ana haki nayo. Kumpa baba jina ambalo mwenyewe hakujipa, hapo namkatalia. Andika alichofanya na alichosema, basi. Na asiyataje hayo wakati mirathi haijagawiwa. Ugomvi wa nyumba unapoanza, kila siri ni silaha.

MAKAME: Pa kuweka?

BI RAHMA: Ziko hifadhi za kumbukumbu zinazojua kazi hii. GALA ya Johannesburg tangu 1997, ArQuives ya Toronto tangu 1973, Bishopsgate Institute London. Ile ya rukus!, iliyoanzishwa 2005 kwa ajili ya Weusi wa Uingereza, iko The London Archives, iliyokuwa ikiitwa London Metropolitan Archives. Popote uendapo, uliza kwanza juu ya katalogi. Rekodi inaweza kufungwa miaka 50, huku maelezo ya katalogi yako wazi mtandaoni: "mshonaji kutoka Zanzibar, Portsmouth". Umeshampa mtu alama tatu. Maelezo ya katalogi yaandikeni pamoja, kabla ya kusaini.

MAKAME: Nyumbani nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja nje ya nchi. Zifungwe kwa VeraCrypt, programu ya kufunga mafaili kwa nywila, au mfano wake. Nywila ikipotea hakuna wa kumwomba akufungulie, kwa hivyo watu wawili waijue, na wasiwe wa nyumba moja. Orodha ya majina ya kweli isikae na rekodi.

BI RAHMA: Na tarehe ya kufungua iandikwe tarehe hasa, tuseme tarehe 1 Januari 2060. Usiandike "mama akishafariki". Karani wa London atajuaje kama mama kafariki Chake?

MAKAME: Iwe kwenye mkataba na kwenye faili lenyewe, maana mkataba hukaa kabati jengine.