Negroni ya nyumbani: toti tatu na barafu isiyo na maji

Karibuni tena. Leo ni Negroni, kokteli ambayo Waitaliano hunywa jioni kabla ya kukaa mezani, saa ile wanayoiita aperitivo. Ni chungu kwa makusudi, maana uchungu ndio unaofungua hamu ya chakula. Anayetaka kitu kitamu asubiri video ya juisi ya pasheni.

Vitu ni vitatu na vyote sawasawa: jini mililita 30, Campari (kilevi chekundu kichungu cha Kiitaliano) mililita 30, vemuthi nyekundu tamu mililita 30. Jini iwe kavu, ya mtindo wa London, harufu ya mreteni, kiungo kinachoipa jini harufu yake, isikike. Gilbey's ya dukani inatosha, hakuna haja ya kutafuta chupa yenye bei ya mbuzi. Campari msiibadilishe na Aperol. Aperol ina kilevi asilimia 11 tu na ni tamu zaidi, utapata kinywaji kingine kabisa.

Vemuthi sasa. Hii ni divai iliyotiwa mimea na kuongezewa kilevi, kwa kawaida inafika asilimia 15 hadi 18. Kwa hiyo ikishafunguliwa, hewa inaila. Ile chupa iliyokaa juu ya kabati tangu Krismasi inuseni kwanza: ikitoa harufu ya siki, ipeleke kwenye sufuria ya nyama. Ukifungua mpya, bandika kipande cha karatasi, andika tarehe, weka friji, na ndani ya mwezi mmoja iwe imekwisha. Wengi wanailaumu Campari kwa kosa la vemuthi.

Haya, barafu. Nataka vipande vikubwa, viwili au vitatu vinavyojaza glasi fupi nene. Maji yawe ya kunywa. Ukigandisha maji ya kisima cha pwani yenye chumvi, utainywa chumvi hiyo. Na chombo kifunikwe, kwa sababu barafu inavuta harufu za friza. Kama humo mna dagaa, Negroni yako itakuwa na dagaa.

Itoe friza, iache dakika mbili mpaka juu ianze kung'aa. Ngoja, sogeza kamera hapa… mmesikia hiyo? Tah! Hicho kipande kimepasuka kwa sababu kilikuwa bado na baridi kali nikakimwagia kimiminika. Kikipasuka kinatoa vipande vidogo, na vidogo vinayeyuka haraka. Tunakitoa, tunaweka kingine.

Na kabla hujamimina chochote, inamisha glasi umwage maji yaliyokusanyika chini. Mwaga maji. Barafu ikae kavu. Maji ya bure hapo chini yanafifisha ladha.

Tunamimina. Anza na vemuthi, halafu Campari, jini mwisho. Ladha haibadiliki kwa mpangilio huo, ila ukikosea kipimo mapema unamwaga kidogo tu. Tumia kipimo cha toti, hiki hapa, kimeandikwa 30 upande mmoja na 15 upande wa pili. Anayekitaka aangalie maelezo chini ya video. Msipime kwa macho. Campari ikizidi hata mililita 10, jini haisikiki tena.

Koroga kwa kijiko kirefu, polepole, mgongo wa kijiko ukitambaa kwenye ukuta wa glasi, sekunde 20 hadi 30. Huku tukikoroga: inasimuliwa kuwa mnamo 1919 huko Florence, mwungwana mmoja aitwaye Camillo Negroni alimwomba Fosco Scarselli, mchanganya vinywaji wa Caffè Casoni, aitie nguvu Americano yake, soda itolewe, jini iingie. Americano ndiyo Campari, vemuthi na soda. Basi, zimetosha. Msitikise kwenye chombo. Kutikisa kunaingiza hewa na maji mengi, rangi inafifia. Hapa, kwa maji ya barafu iliyoyeyuka, mililita 90 zimekuwa kama 115, kilevi kimeshuka kutoka asilimia 27 hivi hadi 21 hivi. Bado ni kali. Funguo za gari ziwe mbali.

Ganda la chungwa: hapa ndipo watu wanapoharibu. Chungwa liwe gumu, lisilonyauka. La kijani la Muheza linafaa tu. Lililong'arishwa kwa nta lisugue kwa maji ya moto. Kwa kisu kikali kata utepe wenye upana wa vidole viwili, ukiambaa juu juu. Nyeupe ya ndani usiichukue. Kamera, karibu zaidi… hapana, taa inapiga kwenye glasi, geuza… hapo. Mnaona? Hii nyeupe ni nene mno, inaleta uchungu mbaya usio wa Campari. Laza ganda ubaoni, lipare kwa kisu, nyeupe itoke.

Sasa upande wa rangi wa ganda utazame kinywaji. Upande wa rangi, narudia, si wa nyeupe. Likunje ghafla juu ya glasi, kama sentimita kumi hivi, mafuta yaruke. Pangusa ukingo, litumbukize.

Wenye wageni: changanya mililita 200 za kila kimoja kwenye chupa ya lita, ongeza maji safi 150, weka friji. Si friza, humo inaweza kuganda nusunusu. Zinatoka glasi sita za mililita 125. Kila moja juu ya barafu isiyo na maji, koroga sekunde tano tu maana maji yamo tayari, na ganda ulikate palepale wakati wa kumimina.