Ugomvi wa Kuhesabu Vichwa

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo. Mwenyekiti amenipa muda mfupi na mada ya kujaza muhula mzima: Ulaya kuanzia zama za kati hadi mapinduzi. Sitaizunguka yote. Nitawapeleka kwenye mkutano mmoja tu, kwa sababu utawala wa kifalme wa Ufaransa, wenye umri wa karne nyingi, uliyumbishwa na swali ambalo hata kamati ya harusi hulijua: hapa tunahesabu kura vipi?

Tuanze nyuma kidogo. Katika karne ya 11, Askofu Adalbero wa Laon, huko Ufaransa, alimtungia mfalme wake shairi. Alisema nyumba ya Mungu, ingawa huonekana moja, ina watu wa namna tatu: wanaosali, wanaopigana na wanaofanya kazi. Wa kwanza anawaombea wenzake, wa pili anawalinda, wa tatu anawalisha. Ukilisikia neno hilo ukiwa umekaa kanisani linapendeza. Ukilisikia ukiwa na jembe mkononi, ni habari nyingine. Na askofu mwenyewe, tumpe haki yake, alikiri humohumo kwamba machozi ya watwana hayana mwisho.

Mwaka 1302 wazo hilo likapata ukumbi. Mfalme Philip wa Nne alikuwa amegombana na Papa Boniface wa Nane juu ya nani mwenye kauli kwa makasisi wa Ufaransa na mali zao. Akitafuta wa kumuunga mkono, akawaita makasisi, makabaila na wawakilishi wa miji katika kanisa la Notre-Dame mjini Paris. Ndiyo asili ya Baraza la Matabaka Matatu. Msilifananishe na Bunge la Uingereza, ambalo lilikwisha kujifunza kushika mkoba: mfalme akitaka kodi, aje aombe. Baraza la Ufaransa liliitwa mfalme alipobanwa, likarudishwa nyumbani alipolichoka. Baada ya kile kikao kilichoanza 1614 likalala miaka 175.

Lililoliamsha ni deni. Ufaransa ilikuwa imewasaidia Wamarekani kupigana na Mwingereza, na kwa kiasi kikubwa ilifanya hivyo kwa fedha za kukopa. Kufikia 1788 karibu nusu ya matumizi ya serikali yalikuwa yanakwenda kulipa madeni. Na wenye mali nyingi ndio waliokuwa na misamaha mingi: kabaila halipi ile kodi kuu iitwayo taille, na kanisa, lenye ardhi kubwa na zaka zake, linatoa mchango linaoukadiria lenyewe. Mkulima ndiye aliyebeba kodi hiyo, na zaka, na ushuru wa bwana wake, na juu yake kodi ya chumvi. Mfalme Louis wa 16 alijaribu kuwatoza wakubwa, wakamjibu kwamba kodi mpya hailetwi bila Baraza. Waliona wamemshika pabaya. Hawakujua wanajichimbia.

Maana hapo ndipo hesabu ilipoanza. Kwa desturi ya 1614 kila tabaka lilikaa chumba chake na kutoa kauli moja. Makasisi moja, makabaila moja, watu wengine wote moja. Mbili kwa moja, kikao kimefungwa. Desemba 1788 mfalme akakubali wajumbe wa tabaka la tatu waongezwe mara mbili, wapate kama 600 dhidi ya kama 300 kwa kila tabaka jingine. Lakini hakusema kama kura itakuwa ya vichwa au ya vyumba. Sasa 600 wana faida gani wakiwa na kauli moja? Hata wangekuwa 6,000! Mimi naona kosa kubwa la mfalme yule liko hapo, katika kunyamaza. Ukatili haukuwa tabia yake; alikuwa mtu wa kuahirisha.

Wakati wakubwa wanabishana, vijijini watu waliitwa waandike malalamiko yao. Fikirieni: taifa zima linaulizwa, "Mnaumwa wapi?" Vikao vikajaa, madaftari yakajaa. Wakalalamikia kodi ya chumvi, wakalalamikia njiwa wa bwana wanaokula mbegu shambani na huruhusiwi kuwagusa. Na njaa ilikuwepo. Mvua ya mawe ya Julai 1788 ilikuwa imeharibu mavuno, baridi kali ikafuata, mkate wa ratili nne mjini Paris ukapanda hadi sou 14 na nusu (sou ni sarafu ndogo ya wakati huo), na kibarua alilipwa kama sou 20 hadi 30 kwa siku. Pigeni hesabu wenyewe. Mtu wa hali hiyo ukimuuliza anaumwa wapi, halafu usimtibu, umefanya vibaya kuliko kutomuuliza.

Baraza likafunguliwa Versailles, kwenye kasri la mfalme karibu na Paris, tarehe 5 Mei 1789. Makabaila waliingia na dhahabu na manyoya kofiani. Tabaka la tatu walipangiwa nguo nyeusi zisizo na pambo. Kwa wiki sita wale wenye nguo nyeusi hawakufanya lolote. Walikataa hata kuhakiki hati zao peke yao, kwa kuwa kuhakiki kwenye chumba chako ni kukubali kwamba una chumba chako. Mimi hupenda ushindi wa namna hii, wa watu kukaa tu kitini. Tarehe 17 Juni wakajiita Bunge la Taifa.

Siku tatu baadaye wakakuta mlango umefungwa na askari wamesimama. Mvua ilikuwa inanyesha. Wakahamia ukumbi wa karibu wa mchezo wa mpira, mwenyekiti wao Bailly akapanda mezani, wakaapa kutotawanyika mpaka Ufaransa ipate katiba. Mjumbe mmoja tu, Martin-Dauch, aliandika mbele ya jina lake kwamba anapinga, na jina lake likaachwa papo hapo kwenye orodha. Tarehe 27 mfalme akawaamuru makasisi na makabaila waliobaki wajiunge. Vichwa vilikuwa vimeshinda vyumba, na Bastille, ile ngome ya gereza mjini Paris, ilikuwa bado haijaguswa.

Lakini kichwa cha nani? Wanawake hawakuhesabiwa. Kisha wakaja wakoloni wa Saint-Domingue, Haiti ya leo, wakidai viti vingi kwa kuwa koloni lao lina watu wengi. Wengi wa watu hao walikuwa watumwa. Mjumbe Mirabeau akawauliza: kama ni watu, wapeni uhuru na haki ya kuchagua, kama si watu, basi na sisi tuhesabiwe farasi na nyumbu wetu. Wakapewa viti sita. Watumwa walibaki watumwa.

Na hapa kwetu kuna hati ya 1776, miaka 13 kabla ya kiapo kile. Sultani wa Kilwa anamwahidi Mfaransa aitwaye Morice watumwa 1,000 kila mwaka, kwa piastre (sarafu ya fedha) 20 kila mmoja, na zawadi ya piastre mbili kwa sultani kwa kila kichwa. Mwaka 1794 bunge la Paris lilifuta utumwa. Tangazo lilipofika Mauritius mwaka 1796, wakati huo koloni la Ufaransa, kisiwa ambacho wafanyabiashara kama Morice walikipelekea watu wa pwani hii, wakoloni waliwarudisha melini wajumbe waliolileta, na mashamba ya miwa yakaendelea kulimwa na watu wale wale.