Kilekile, Sawa na Kufanana: Ulinganishi Katika Lisp

Ndugu zangu, karibuni. Nianze na maneno matatu tunayoyatumia kila siku bila kuyapima: kilekile, sawa, na kufanana. Mapacha wanaweza kufanana hadi ndugu zao wakawachanganya, lakini ukimnyoa mmoja nywele, kichwa cha mwenzake hakiguswi. Hapo unajua ni watu wawili. Ushikeni mfano huo, maana nitaurudia.

John McCarthy alianza kuibuni Lisp, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, mwaka 1958 kule chuo cha MIT, Marekani, na katika makala yake ya 1960 eq tayari ni miongoni mwa vitendakazi vichache vya msingi, yaani amri zinazopokea vitu na kurudisha jibu. Common Lisp, lahaja yake iliyowekewa kiwango na ANSI, shirika la viwango la Marekani, mwaka 1994, ina vilinganishi eq, eql, equal na equalp, halafu kuna = ya namba tu. Anayeanza huona huu ni utitiri. Mimi nauheshimu, kwa sababu lugha inakulazimisha useme unauliza nini hasa.

Eq inauliza: je, hiki ni kilekile? Kwa kawaida kompyuta hutazama anwani mbili za kumbukumbu, basi. Andika (list 1 2) mara mbili, kisha uzilinganishe kwa eq: utapata NIL, yaani hapana. Na ni haki yake. Badilisha kipengele cha kwanza cha orodha moja, ya pili itabaki vilevile. Ni mapacha hao! Equal itazikubali, kwa kuwa huingia ndani na kulinganisha kipengele kwa kipengele.

Sasa tuje kwenye namba, na hapa naomba tutulie kidogo. Namba hainyolewi. Unaweza kukipa kigeu, yaani jina linalobeba thamani, thamani nyingine, lakini hakuna awezaye kuichukua 5 yenyewe akaigeuza kuwa 6. Kama kitu hakibadiliki, utatofautishaje nakala yake na chenyewe? Ndiyo maana kiwango kinairuhusu kompyuta kunakili namba itakavyo, na hata kwa (let ((x 5)) (eq x x)), yaani x ya 5 ikilinganishwa na yenyewe, hakikuahidi jibu la ndiyo.

Hatari ni kwamba mara nyingi jibu huwa ndiyo. Namba kamili ndogo huenea ndani ya neno moja la mashine, yaani kipande kimoja cha kumbukumbu, kwa hiyo eq huonekana kufanya kazi vizuri kabisa. Namba kama 2 kwa kipeo cha 100 haienei humo. Huwekwa pembeni kwenye kumbukumbu, na ukiikokotoa mara mbili kwa kawaida unapata vitu viwili. Programu iliyopita majaribio yote kwa namba ndogo huanza kukosea siku namba zinapokua, tena kimya kimya, bila ujumbe wowote wa hitilafu.

Eql inaziba shimo hilo: namba mbili ni sawa zikiwa za aina moja na thamani moja. Kwa hiyo (eql 3 3.0) ni NIL, kwani moja ni namba kamili na nyingine ni ya desimali. Alama ya = haijali aina, hivyo (= 3 3.0) ni kweli, na (= 1/2 0.5) pia. Lakini jaribuni (= 1/10 0.1). Jibu ni NIL! Sehemu moja ya kumi haiandikiki kikamilifu katika mfumo wa jozi, ule wa 0 na 1 tu, na Common Lisp huigeuza desimali kuwa sehemu isiyokadiriwa, kama 1/2, kabla ya kulinganisha. Mimi naliona jibu hilo kuwa zuri sana.

Kwenye maneno, equal hutofautisha herufi kubwa na ndogo. Equalp haitofautishi, tena inakubali hata 3 na 3.0. Naitumia kwa nadra. Lisilonipendeza ni kwamba equal huingia ndani ya orodha lakini haiingii ndani ya safu ya namba (namba zilizopangwa pamoja kwa mfuatano): safu mbili zenye 1 na 2 huzikataa zisipokuwa safu ileile.

Niliwahi kupoteza siku nzima kwa jedwali la hashi, yaani hifadhi ambayo kila kitu hutafutwa kwa ufunguo wake, lililogoma kunipa nilichokiweka. Ufunguo ulikuwa jina, herufi kwa herufi. Kumbe jedwali usiloliambia kitu hutumia eql, na kwa eql majina mawili yaliyoundwa mbalimbali ni mapacha tu. Dawa ilikuwa kuandika (make-hash-table :test 'equal).

Haya, fungueni kompyuta zenu. Tuanze na (member "a" '("a" "b")), inayotafuta "a" ndani ya orodha kwa eql, na kabla hamjabonyeza, kila mmoja aseme anatarajia jibu gani.