Vazi la Taa Jukwaani: Anza na Betri, Kitambaa Baadaye

Mafundi cherehani, walimu wa kwaya na viongozi wa vikundi vya ngoma wa hapa Mbeya, shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za leo.

Kuhusu mavazi ya jukwaani yanayoshonewa taa, husemwa kwamba volti 5 hazina madhara. Ni kweli hazikurushi ukizigusa. Lakini zipo pasi ndogo za kulehemu zinazochomekwa USB: volti 5 hizohizo, wati 8 tu, na zinayeyusha risasi. Umeme wa namna hiyo ndio mnaoushonea ndani ya kitambaa cha polista.

Kwa hiyo hesabu itangulie mkasi. Taa moja ya LED ya WS2812B, ile ya kuongozwa kwa programu, ikiwaka nyeupe kamili hula hadi miliampea 60. Utepe wa mita 1 wenye taa 60 unadai ampea 3.6, na pawabenki nyingi hutoa kama ampea 2. Ukiilazimisha itachemka, au itajizima katikati ya wimbo. Kwa gauni moja taa 40 zinatosha kabisa. Zikiwaka zote ni ampea 2.4, kwenye programu punguza mwanga uwe theluthi, unabaki na 0.8. Jukwaa likiwa giza, hakuna atakayelalamika. Pawabenki iliyoandikwa 10,000 mAh (miliampea kwa saa) inahesabiwa kwa seli ya volti 3.7, ikipandishwa hadi volti 5 hubaki kama 6,000, yaani saa saba hivi.

Nasema pawabenki kwa makusudi. Iliyotengenezwa vizuri ina bodi ya kukata umeme ikipiga shoti. Seli tupu zilizochomolewa kwenye kompyuta mpakato iliyokufa hazina bodi hiyo, na zikipiga shoti humwaga makumi ya ampea. Usimvishe mtoto wa watu seli hizo.

Fyuzi ya ampea 1.5 ikae kwenye waya chanya, sentimita 5 tu kutoka betri. Ikikaa kiunoni na betri iko begani, waya wote wa katikati hauna mlinzi.

Sasa hapa naomba tutulie, maana fyuzi haioni kila kitu. Mchezaji akikatika kiuno, waya hujikunja palepale risasi ya kiungo inapoishia, kwa sababu risasi imeugandisha na kitambaa kinauvuta. Nyuzi zake hukatika moja moja. Zikibaki mbili tatu, umeme wote hupita hapo na sehemu hiyo hupata moto, huku ampea zikiwa zilezile, hivyo fyuzi haikatiki. Dalili yake ni taa kupepesa mchezaji anapoinama. Tumia waya wenye nyuzi nyingi nyembamba, acha ulegevu wa sentimita 3 kabla ya kila kiungo, kisha ushone waya kwenye bitana pande zote mbili za kiungo ili mvuto uishie kwenye uzi wa cherehani. Usipitishe waya kwapani: jasho lina chumvi, chumvi hula shaba.

Nyeupe ikigeuka ya njano au nyekundu mwishoni mwa utepe, volti zimepungua njiani. Taa ya bluu na ya kijani huhitaji karibu volti 3, nyekundu 2 tu. Peleka umeme kutoka ncha zote mbili.

Betri ikae nje ya vazi, pembeni mwa kiuno, kwenye kifuko cha jinzi chenye vifungo vya kubana, ili mtu aing'oe kwa mkono mmoja. Mwezi wa sita na wa saba, baridi yetu inapobana, waimbaji huvaa sweta juu ya vazi wakisubiri zamu. Taa zizimwe, maana joto halina pa kutokea.

Kabla ya onyesho, washa vazi saa nzima likiwa limevaliwa, kisha pitisha kiganja kwenye kila kiungo. Panapokufanya utoe mkono, palehemu upya. Baada ya onyesho chomoa betri kabla ya kukunja nguo, kwa kuwa swichi hujibonyeza ndani ya begi. Betri iliyovimba usiichaji wala kuitoboa. Iweke nje, ndani ya ndoo ya mchanga mkavu. Na fyuzi ikikatika, tafuta kwanza waya uliochubuka, kisha rudisha ya ampea 1.5 ileile.