Mama alikataa meli, sasa anakataa ndege

Haya jamani, asalaam aleikum, mambo, oli otya, kila mtu achukue salamu yake. Nawaona wa Bombo, nawaona wa Arua, Busia, Mutukula, na nyinyi wa Kampala mnaoangalia video kwa wi-fi ya ofisi. Leo niko jikoni hapa Stockholm, watoto wamelala, kwa hiyo nitaongea chini chini, nikipaza sauti mnikumbushe.

Watu wengi mmeniuliza ile safari ya Ufini na mama ilikuwaje, na kwa nini mtu anapanda meli usiku kucha wakati ndege ni saa moja tu. Swali zuri. Hata mimi nilikuwa nauliza hivyo hivyo, banange, mimi ni mtu wa haraka, nimezoea boda.

Nianzie Entebbe. Mama alipokuja kutusalimia mwezi wa nane, usiku kucha kwenye ndege, siti ya katikati, mtu huku mtu huku, na mama ana magoti mnajua, yale magoti ya kukaa chini kwenye mkeka miaka sitini. Hakutaka kusumbua jirani ainuke, basi hakuinuka. Hakunywa maji ili asiende choo. Alivyotoka pale Arlanda, uwanja wa ndege wa hapa Stockholm, miguu imevimba mpaka viatu kavibeba mkononi, anatembea na soksi za ndege, na amevaa gurbaba yake, lile vazi letu la kujitanda, nzuri kabisa ya safari. Nilitaka kucheka nikataka kulia. Halafu kwenye uwanja wa kubadilishia ndege, sitautaja, walimchukulia chupa yake ya simsim ya kusaga, eti inahesabiwa kama maji, imezidi mililita 100. Simsim! Alilizungumzia hilo wiki mbili, miguu ameisamehe lakini simsim hajasamehe.

Na siyo kwamba mama ni mdhaifu. Ndani ya ndege presha ya hewa inawekwa kama vile uko kwenye mlima wa mita 1,800 mpaka 2,400, yaani ni kama umepandishwa Kabale kule milimani ukafungiwa ndani, na hewa yenyewe kavu, unyevu hata asilimia 20 haufiki mara nyingi, ndiyo maana pua inauma na midomo inapasuka. Ongeza kukaa masaa nane miguu inaning'inia, damu inashuka chini haina wa kuirudisha, kwa sababu kinachorudisha damu ni misuli ya shavu la mguu ukitembea. Kwa hiyo mkisafirisha mzee mwombeeni siti ya njiani, ya kwenye korido, siyo dirishani wala katikati, na mwambieni anywe maji, choo kipo kimelipiwa tayari.

Sasa dada yangu yuko Helsinki, akajifungua mwezi wa tisa, akika, ile sherehe ya mtoto mchanga, inatusubiri, na mama hawezi kukosa akika ya mjukuu. Mimi nikawaza, nina mama, nina watoto wawili, mimi wa nne. Ndege wanakata tiketi kwa kichwa, na begi kwa begi. Meli wanauza kabini. Kabini ya vitanda vinne ni bei ya kabini, mjae wanne au ulale peke yako na mawazo yako. Nikapiga hesabu nikasema meli.

Mama akasema hapana.

Sasa hapo inabidi muelewe. Mama alipokuwa mtoto alivuka ziwa kwa meli. Babu alikuwa anawapeleka kwa ndugu zetu Kibos, kule upande wa Kisumu, walikuwa wanapandia bandari ya Port Bell pale Kampala, na meli ilikuwa ile Victoria, ambayo ilitengenezwa Uingereza ikaletwa vipande vipande ikaunganishwa Kisumu, ikaanza kazi 1961. Anakumbuka amelala kwenye benchi kichwa kiko pajani kwa babu, anasikia injini tumboni. Anaisimulia kwa raha. Lakini ikaja 21 Mei 1996, MV Bukoba, karibu kabisa kufika Mwanza, meli ya kubeba watu 430 imejaza kupita kiasi, mamia wakafa pale. Mama alikuwa na rafiki wa sokoni aliyepoteza watu wake. Tangu siku hiyo hata feri ya Kalangala hapandi, kila tukisema twende visiwa vya Ssese anasema nendeni mniletee samaki.

Kwa hiyo mimi mjanja, sikumwambia habari ya Estonia. Nyinyi nawaambia. Usiku wa 28 Septemba 1994, meli inaitwa Estonia, inatoka Tallinn kuja hapa Stockholm, ile pua ya mbele inayofunguka magari yaingie iling'oka kwenye mawimbi, maji yakaingia deki ya magari, watu 852 wakafa. Hapa Djurgården kuna kuta za mawe zenye majina yao, na mimi kichwa changu kilivyo nilimpeleka mama kutembea huko huko Djurgården, akasimama akasoma majina mawili matatu, akaniuliza hawa ni wa vita gani? Nikamwambia twende mama, kuna baridi.

Lakini baada ya Estonia nchi za huku zilibadilisha sheria, meli za magari zikalazimishwa zibaki zimesimama hata maji yakiingia deki ya magari. Na jina lako linaandikwa, unaonyesha kitambulisho, idadi inajulikana. Hakuna konda anayesema songeni songeni mmoja anaingia. Kwangu mimi hiyo ndiyo kitu ya kwanza, kabla ya godoro laini, maana hakuna usingizi kwenye chombo ambacho hujui kimebeba wangapi.

Aliyemshawishi ni dada kwa simu, akamtumia picha ya mtoto. Basi.

Sasa mimi kwa ubahili nilikuwa nimekata kabini ya bei ya chini, na kwenye meli nyingi za huku ya bei ya chini maana yake ni chini kweli, deki ya 2, chini ya deki ya magari. Tukaingia kwenye lifti, mama anaangalia namba zinashuka. Tano, nne, tatu. Akaniuliza, "Mwanangu, tuko juu ya maji au chini ya maji?" Nikakohoa. Akasema, "Nirudishe." Tukarudi mpaka kaunta, foleni, nikaongeza sente, tukapewa ya deki ya 5, haina dirisha lakini mama akasema hiyo sawa, hapa ni juu. Watoto walikuwa wanakufa na kicheko.

Ngoja niwaonyeshe, hii video niliichukua mlangoni. Mnaona ni padogo, ni dabodeka mbili, meza ya kukunja, na huku nyuma choo na bafu. Padogo kama stoo. Lakini angalieni mama anafanya nini. Amevua viatu. Amelala chali. Miguu ameiweka ukutani juu. Anasema, "Aah." Hiyo "aah" ndiyo nilikuwa nimeilipia. Kwenye ndege hiyo "aah" inauzwa kwa watu wa mbele kabisa, na bei yake mnaijua, siti zetu sisi upana wake ni inchi 17 au 18 hivi, pima rula uone.

Meli inaondoka kama saa kumi na moja jioni, na masaa matatu manne ya kwanza maji yametulia kabisa kwa sababu mnapita katikati ya visiwa, Ssese yetu ina 84, hapa wanasema karibu 30,000, vingine ni jiwe moja na mti mmoja. Mama alikaa kwenye kioo anavihesabu na watoto mpaka giza. Akauliza hawa wenye nyumba moja kwenye kisiwa wakiishiwa chumvi wanaazima wapi.

Chakula ni bufee, na nawatahadharisha, wana samaki wamemlowesha kwenye siki na sukari. Mama akaweka mdomoni akanyamaza. Akanitazama. Akasema samaki amekosa nini jamani. Akafungua mkoba akatoa kisra, ile mikate yetu myembamba, aliyoipika mwenyewe na chupa nyingine ya simsim, na hakuna mtu aliyemuuliza mililita. Waislamu mkipanda ulizeni nyama, nguruwe yuko mpaka kwenye vitu ambavyo humtegemei.

Swala ilikuwa kituko. Maji ya udhu yapo kabinini, mswala unatandikika ukikunja ile meza, ni raha, siyo kama kwenye ndege unasali umekaa unamgonga mtu wa mbele. Lakini kibla! Dira ya simu ndani ya lile chuma inazunguka kama imelewa. Nikaenda kwenye ramani inayoonyesha meli iko wapi, nikarudi nikamwonyesha mama upande, akaanza Isha, na mimi nahisi meli inakata kona kwenye visiwa. Sikusema kitu.

Sasa msije mkasema nawauzia meli, hakuna aliyenilipa. Kuna mambo mawili. La kwanza kelele. Usiku kati kati meli inasimama Åland, ni visiwa vya Ufini lakini kodi ya VAT ya Ulaya haifiki pale, kwa hiyo kwa kusimama tu pale duka la melini linauza pombe bila ushuru, na kuna watu wamepanda kwa ajili ya hilo tu, Helsinki yenyewe hawaijui. Saa nane usiku walikuwa kwenye korido yetu wanaimba. Nilitoka nikawaambia kwa Kiswidi jamani kuna mzee humu, mmoja akanikumbatia. Nendeni na vizibo vya masikio, na mkikata kabini mwombe iwe mbali na lifti.

La pili ni bahari. Mkishatoka kwenye visiwa mnaingia pa wazi, na upepo ukiwepo mtajua. Nilikuwa nimeacha glasi ya maji mezani, mwanzoni ilikuwa inatetemeka viduara vidogo tu vya injini, baadaye maji yakaanza kuegemea upande huu, yanakaa, yanaegemea upande ule. Mtoto wangu mdogo akatapika mara mbili. Meli hizi zina mabawa chini ya maji ya kupunguza kuyumba lakini kupunguza siyo kumaliza. Katikati ya meli na chini ndiko kunakoyumba kidogo, kwa hiyo ile kabini yangu ya bahili mama aliyoikataa, kwa tumbo la mtoto ndiyo ilikuwa bora! Maisha. Mama? Alilala fofofo. Asubuhi ananiambia alisikia injini tumboni, kama ile ya Port Bell.

Tulifika saa nne asubuhi kwa saa za kule, mama kaoga, kajipaka hina mpya mkononi, anashuka kwa miguu yake, viatu viko miguuni.

Kurudi tukapanda ndege kwa sababu shule za watoto. Saa moja hewani kweli, lakini hesabu treni ya kwenda uwanjani, masaa mawili ya kusubiri, mikanda vua, viatu vua, mzee nyoosha mikono, mageti yakabadilishwa tukakimbia na mama na magoti yake, halafu Arlanda yenyewe iko karibu kilomita 40 nje ya mji. Mlango kwa mlango masaa sita. Kama una mkutano saa tatu asubuhi, panda ndege, sibishani na wewe. Na kutoka Entebbe hakuna meli ya kuja huku, kwa hiyo ile siti ya usiku hatuikwepi.

Lakini mama sasa amerudi Bombo na kila akipiga simu ni meli. Anataka kujua kama Port Bell watarudisha meli za vitanda. Nimemwambia ile Victoria yake bado iko, ilikarabatiwa, tangu 2020 ilirudi kupiga Mwanza na Bukoba usiku, na kule Mwanza wamejenga nyingine kubwa ya abiria 1,200. Akanyamaza kidogo. Mwanza, kwake, ni MV Bukoba. Halafu akauliza, "Hiyo ya 1,200, wanahesabu?"

Kwa hiyo nikija Desemba nataka nichukue basi mpaka Mutukula, niingie Bukoba, nipande usiku nilale humo na kamera, katikati ya zile ndizi zote za Bukoba wanazopakia, ndiyo nimjibu. Kama kuna mtu amepanda karibuni aniandikie hapo chini, daraja la pili wanatoa blanketi au nibebe yangu? Na choo, semeni ukweli kuhusu choo.